Alikwenda Nyumbani, Akarudi na Panga



Wiki iliyopita niliahidi kuendelea na mazungumzo yetu kuhusu mashamba ya wakfu. Niwieni radhi, ahadi hiyo naiakhirisha. Nimeletewa barua ya mama mmoja, kurasa mbili zilizoandikwa kwa mkono, na baada ya kuisoma nimeona kuiweka hadi zamu yake ifike si uungwana. Mwenyewe ameniruhusu niyajibu maswali yake hapa, kwa sharti kwamba jina lake na mtaa wake visitajwe.

Mwanawe ana miaka 23 na yuko rumande kwa wiki ya tatu sasa. Usiku mmoja baada ya sala ya Isha, vijana wakiwa barazani, aligombana na jirani yake kuhusu shilingi 3,000 zilizobaki katika bei ya simu. Yalitoka matusi, kisha yule jirani akamsukuma, naye akaanguka mbele ya wenzake waliokuwa wakicheka. Akainuka, akaenda nyumbani, vichochoro viwili kutoka hapo, akarudi na panga la kupasulia madafu. Jirani aliinua mkono kujikinga. Panga lilimpata kwenye kigasha, likakata kano. Alipasuliwa hospitalini na jeraha limefunga, lakini vidole viwili havikunjiki tena. Kijana huyo ni fundi seremala.

Familia hizi mbili husali msikiti mmoja. Wazee walikaa nao, gharama za matibabu zikalipwa na upande wa mama huyu, na babake aliyeumizwa akasema mbele ya watu kwamba amesamehe. Hata hivyo kesi inaendelea. Mama anauliza mambo matatu. Kwanza, mwanawe anaapa kwamba alitaka kumtisha tu, je, korti haitazami nia ya mtu? Pili, maadamu wenyewe wamesameheana, Serikali inataka nini? Tatu, rumande ameshauriwa aseme "ndiyo, nilifanya" siku ya kusomewa mashtaka ili mambo yaishe upesi, je, aseme hivyo?

Dada yangu, mimi si wakili. Nilikuwa mkalimani wa korti kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na kazi yangu ilikuwa kuyatia maneno ya sheria katika Kiswahili ili mshtakiwa aelewe alichoshtakiwa. Nitakueleza niliyoyaona na sheria ilivyo, lakini haya hayawi badala ya wakili, na mwishoni nitasema wa kumwendea.

Tuanze na lile shtaka lenyewe. Umeandika tu kwamba ni "kesi ya kuumiza". Hilo halitoshi, kwa kuwa Kanuni ya Adhabu ya Kenya, Sura ya 63, ina ngazi kadhaa za kuumiza, na kila ngazi ina uzito wake. Ya chini ni shambulio la kawaida katika kifungu cha 250, ambalo adhabu yake haizidi mwaka 1. Kofi lisiloacha alama laweza kuingia hapo. Juu yake ni shambulio lenye kusababisha madhara halisi mwilini, kifungu cha 251, lisilozidi miaka 5. Kuna pia kujeruhi kinyume cha sheria, kifungu cha 237, nako hakuzidi miaka 5. Kisha kuna ngazi mbili za juu, na hapo ndipo adhabu yaweza kufika kifungo cha maisha. Kifungu cha 234 ni cha kumfanyia mtu madhara makubwa kinyume cha sheria. Kifungu cha 231 ni cha kufanya tendo kama hilo kwa kukusudia kumlemaza mtu, kumharibu sura, kumfanya asiyejiweza, au kumtia madhara makubwa.

Kwa hiyo la kwanza ni kutazama hati ya mashtaka na kusoma nambari ya kifungu. Nimeona familia zikihangaika miezi mingi bila kujua hata nambari hiyo.

Sasa, mashtaka ya jinai hayathibitishwi kwa mkupuo. Yamegawanyika katika vipande, na kila kipande sharti kithibitishwe na upande wa mashtaka pasi na shaka yoyote ya maana. Mshtakiwa hana wajibu wa kuthibitisha kwamba hana hatia. Katiba katika kifungu cha 50 inamhesabu hana hatia hadi itakapothibitishwa vinginevyo. Kikikosekana kipande kimoja, shtaka hilo haliwezi kusimama, ingawa korti yaweza kumtia hatiani kwa kosa dogo zaidi iwapo ushahidi umelifikia hilo.

Kipande cha kwanza ni jeraha lenyewe. Je, ni madhara makubwa kwa mujibu wa sheria? Neno hili halikuachiwa hisia za watu. Kifungu cha 4 kinaeleza kwamba madhara makubwa ni yale yanayofikia ulemavu, au yanayohatarisha maisha, au yanayoharibu afya vibaya au daima, au yanayoacha kovu la kudumu lenye kuharibu sura, au yanayojeruhi vibaya au daima kiungo cha nje au cha ndani ya mwili. Ulemavu nao umefasiriwa kuwa ni kuharibiwa, au kunyimwa kazi yake daima, kiungo chochote au hisi yoyote ya mwili. Damu nyingi si lazima, na damu nyingi peke yake haitoshi. Jeraha laweza kutisha kwa macho na likapona lote kwa wiki mbili. Pigo jingine halitoi hata tone, lakini mtu akapoteza usikivu wa sikio.

Ushahidi wa jambo hili hupatikana zaidi katika fomu ya P3. Polisi huitoa, daktari huijaza baada ya kumchunguza aliyeumizwa na kuzitazama karatasi zake za matibabu, kisha huandika kiwango cha madhara. Daktari huyo huitwa kortini kuulizwa maswali. Uamuzi ni wa hakimu, lakini kauli ya daktari ina uzito mkubwa. Vidole viwili visivyokunjika kwa mtu anayeshika randa na msumeno si jambo dogo, na sikufichi, dada yangu: kama daktari ataandika kwamba havitarudi, kipande hiki kitathibitishwa.

Kipande cha pili ni kwamba tendo lilifanywa kinyume cha sheria. Si kila anayemjeruhi mwenziwe ana kosa. Daktari aliyempasua kijana yule naye alimkata kwa kisu, tena kwa makusudi, lakini alikuwa na haki na ridhaa ya kufanya hivyo. Mtu anayejihami pia ana haki. Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu kinazipeleka kanuni za kujihami kwenye sheria ya asili ya Kiingereza, na kanuni hizo kwa ufupi ni mbili: hatari iwe ipo au i karibu, na nguvu inayotumika isizidi kiasi kinachohitajika kuizuia.

Hapa ndipo zile hatua za kwenda nyumbani zinapokuwa nzito. Lau mwanao angemsukuma mwenziwe pale pale alipoanguka, wakili angekuwa na la kusema juu ya kujihami. Lakini aliondoka. Hatari, kama ilikuwapo, aliiacha nyuma ya mgongo wake. Vichochoro viwili kwenda na viwili kurudi si masafa marefu kwa miguu, ila kisheria ni marefu sana. Ama ule uchokozi wa kusukumwa na kuchekwa, wengi hudhani unafuta kosa. Haufuti. Uchokozi unayo nafasi maalumu katika kesi ya mauaji, ambapo waweza kuishusha hadi kuua bila kukusudia. Katika kesi ya kujeruhi kazi yake ni kupunguza adhabu wakati wa kuomba msamaha wa korti.

Kipande cha tatu ni kwamba aliyefanya ni huyu mshtakiwa na si mwingine. Usiku, kichochoroni, watu wakikimbia, utambuzi waweza kuwa na shaka, na kesi nyingi zimeanguka kwa sababu hiyo. Katika habari uliyonipa wanajuana tangu utotoni na baraza ilikuwa na taa. Sioni kama hapa pana mlango.

Kipande cha nne ndicho ulichoniuliza hasa, nacho ni nia. Kinahitajika hasa kama shtaka ni la kifungu cha 231, kwa sababu kifungu hicho kimelitaja kusudi kwa jina. Katika kifungu cha 234 upande wa mashtaka hautakiwi kuthibitisha kwamba mshtakiwa alikusudia yale madhara makubwa hasa yaliyotokea. Unatosheka na madhara makubwa, ukiukaji wa sheria na mkono uliofanya, almuradi tendo lilikuwa la hiari na si ajali. Ndiyo maana nasema nambari ile muitazame kwanza. Utetezi wa "nilitaka kumtisha" waweza kuwa na nguvu katika kifungu kimoja, na katika kingine usisaidie ila kidogo.

Tuseme ni cha 231. Je, korti itaijuaje nia, hali nia i moyoni na moyoni hapaingii mtu? Mafakihi wetu walikutana na suala hili kabla ya sheria za Kiingereza kufika pwani hii. Katika madhehebu ya Imam Shafi'i, ambayo ndiyo ya wengi wetu hapa, kuua na kujeruhi hugawanywa mafungu matatu: la kusudi, lenye kufanana na kusudi, na la kukosea. Kwa kuwa kusudi limefichika, wanavyuoni walitazama kilicho dhahiri, hasa chombo. Aliyepiga kwa upanga hahesabiwi sawa na aliyepiga kwa ufito, hata wote wawili wakiapa kwamba hawakutaka makubwa.

Korti ya Kenya nayo hufuata njia inayokaribiana na hiyo. Hutazama silaha: je, ni kitu cha kutisha au cha kukata? Hutazama sehemu iliyopigwa: kichwa, shingo, au mguu? Huhesabu mapigo: moja, au moja baada ya jingine? Husikiliza maneno yaliyosemwa kabla: kuna shahidi aliyemsikia akisema "utaniona leo"? Na hutazama yaliyofuata: alikimbia, au alilitupa panga na kuita watu wasaidie? Hakuna hata kimoja kinachotosha peke yake, lakini vikikusanyika huonyesha moyo wa mtu kama nyayo zinavyoonyesha alikopitia.

Katika barua yako kuna mambo yanayomwelemea mwanao: panga, na kule kwenda kulichukua. Yapo pia yanayomsaidia, nayo ningependa wakili ayasikie. Pigo lilikuwa moja tu. Halikulengwa kichwani, ingawa upande wa mashtaka utasema mkono ulijikinga na kwamba pigo lilikuwa likienda kwingine. Na umeandika kwamba ni yeye aliyevua shati akamfunga mwenziwe mkono hadi bodaboda ikaja. Kama wapo walioliona hilo, majina yao yaandikwe sasa, kabla kumbukumbu hazijafifia.

Lakini yapo makosa mawili ya kufikiri ambayo nimeyasikia kortini mara nyingi, na nisingependa yamponze. La kwanza ni kuchanganya nia na sababu. Mtu husema: "Sikuwa na nia mbaya, nilikuwa nadai haki yangu." Sheria huvitenganisha viwili hivi. Nia ni lile alilotaka mkono wake ufanye; sababu ni lile lililomsukuma alitake. Kifungu cha 9 kinasema wazi kwamba sababu haibadilishi dhima ya jinai, isipokuwa pale sheria yenyewe ilipoeleza vinginevyo. Deni la shilingi 3,000 ni sababu. Laweza kumtia hakimu huruma, lakini haliondoi kusudi.

La pili ni ulevi. Umeeleza kwa aibu kwamba mwanao alikuwa akitafuna muguka tangu alasiri. Kifungu cha 13 kinasema ulevi kwa kawaida si utetezi, ila ikiwa mtu hakujua atendalo au ubaya wake kwa sababu alileveshwa na mwingine kwa hila, au ulevi ulimfikisha katika wazimu. Hata hivyo sheria huruhusu ulevi uangaliwe ili kujua kama mshtakiwa aliweza kuwa na kusudi linalotakiwa. Sasa jiulize atakavyouliza hakimu: kijana aliyeweza kuondoka, kupita vichochoro viwili, kufungua mlango gizani, kulipata panga mahali linapowekwa na kurudi kwa mtu yule yule, je, alikuwa hajui atakalo? Sidhani kama mlango huo utampitisha.

Niongeze jambo ambalo vijana wetu hawalijui. Chini ya kifungu cha 231, hata pigo likikosa, kosa laweza kuwa limekamilika. Anayejaribu kumpiga mtu kwa kisu, upanga au silaha nyingine ya hatari, akiwa na kusudi lililotajwa, yumo katika kifungu hicho hicho. Wala haimsaidii kusema alimkusudia mwingine. Huko Uingereza mwaka 1886 iliamuliwa kesi ya Latimer, aliyemrushia mtu mkanda katika ugomvi wa baa, ukampata mwanamke aliyekuwa jirani na kumjeruhi vibaya usoni. Majaji walisema ile nia mbaya aliyokuwa nayo kwa yule wa kwanza ilihama pamoja na pigo. Sheria yetu ina ukoo na sheria hiyo.

Na lipo zito kuliko yote, ambalo nalitaja ili mshukuru Mungu. Kifungu cha 206 kinaeleza maana ya dhamira ovu katika mauaji, na miongoni mwa maana zake ni kukusudia kumtia mtu madhara makubwa, si lazima kukusudia kumuua. Lau panga lile lingepita mshipa na kijana akafa njiani, mwanao angesimama Mahakama Kuu kwa shtaka la mauaji. Tofauti ingekuwa ya upana wa kidole, nayo isingekuwa kazi yake wala hiari yake.

Naja kwenye swali la pili, la msamaha. Nalijua lina uchungu, kwa sababu mmefanya jambo jema halafu mkaambiwa halitoshi. Katika fiqhi yetu, haki ya jeraha ni ya aliyejeruhiwa. Qur'ani katika Suratul Maida imeitaja kisasi cha majeraha na ikamsifu anayesamehe, na vitabu vya fiqhi vimeweka fidia kwa viungo, mkono mmoja ukihesabiwa nusu ya dia. Mwenye haki akisamehe, amesamehe. Sheria ya jinai ya Kenya imejengwa juu ya msingi mwingine. Tazama kichwa cha hati ya mashtaka: hakisemi familia fulani dhidi ya mwanao, kinasema Jamhuri dhidi ya mwanao. Aliyeumizwa ni mlalamishi na shahidi. Mwenye kesi ni umma, na anayeiongoza ni Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma.

Mahakama ya Kadhi haiwezi kuipokea kesi hii, hata pande zote mbili zikitaka. Kifungu cha 170 cha Katiba kimeiwekea Kadhi mipaka: hadhi ya mtu binafsi, ndoa, talaka na mirathi.

Je, suluhu haina nafasi kabisa? Inayo, ila kwa kipimo. Kifungu cha 176 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai kinairuhusu korti kuhimiza maridhiano katika shambulio la kawaida na makosa mengine ya kibinafsi, lakini si katika makosa makubwa ya jinai, na vifungu vya 231 na 234 vimo katika makosa makubwa. Kisha ikaja Katiba ya 2010, ambayo kifungu chake cha 159 kinazitaka mahakama kuendeleza maridhiano, upatanishi na njia za kimila. Mwaka 2013 Mahakama Kuu jijini Nairobi iliruhusu hata shtaka la mauaji lifikishwe kikomo baada ya familia mbili za Kiislamu kupatana na kulipana fidia, upande wa mashtaka wenyewe ukiwa umeomba hivyo. Majaji wengine baadaye walikataa kuifuata njia hiyo, wakisema uhai na usalama wa watu si mali ya familia mbili. Kwa hiyo msijenge tumaini lote juu ya kesi hiyo moja. Anayeweza kuomba kesi iondolewe ni upande wa mashtaka, tena kwa idhini ya korti.

Linalofaa ni kuyaandika mapatano yenu, yakatiwa sahihi na pande zote na wazee walioshuhudia, kisha wakili ayapeleke kwa upande wa mashtaka na kortini kwa uwazi. Yanaweza kuzaa makubaliano ya kushusha shtaka, ambayo sheria inayaruhusu kwa maandishi. Hata yasipozaa hilo, yatahesabiwa siku ya hukumu.

Lisilofaa ni kinyume cha hayo, nalo nalisema kwa wazee wetu wote. Kupokea pesa kwa mapatano ya kuficha jinai kubwa, au ya kumzuia shahidi asiende kortini, ni kosa la jinai lenyewe. Mzee anayemwambia mlalamishi "chukua hizi, siku ya kesi usionekane" amejiingiza katika shimo jingine akidhani anaziba la kwanza. Nawe, dada yangu, usiende nyumbani kwa yule kijana kumwomba abadilishe maneno. Nenda kumjulia hali, kama ulivyokuwa ukienda kabla ya haya. Na mwanao akipata dhamana, akae mbali na mashahidi. Dhamana ni haki ya kila mshtakiwa chini ya kifungu cha 49, ila pakiwa na sababu za nguvu za kuizuia, na kuwatisha mashahidi ni miongoni mwa sababu za mwanzo.

Swali la tatu ndilo lililonifanya nisisubiri. Nimesimama kando ya kizimba asubuhi nyingi, nikawatafsiria vijana maneno ya hati ya mashtaka, nikawasikia wakijibu, "Ndiyo, nilimpiga, lakini alinianza yeye." Neno "lakini" halifai kuachwa nje ya kumbukumbu ya korti. Mwaka 1973 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri, iliweka utaratibu ambao hadi leo unafuatwa: mshtakiwa asomewe shtaka na vipande vyake vyote kwa lugha anayoielewa, maneno yake yaandikwe kama alivyoyasema, akikubali upande wa mashtaka ueleze tukio lilivyokuwa, naye apewe nafasi ya kulipinga au kuongeza lake. Akipinga lolote la msingi, iandikwe kwamba amekana.

Kwa hiyo usimwache mwanao aseme "ndiyo" kwa sababu wa rumande wamemwambia itaisha upesi. Anayekiri kifungu cha 231 amekiri kwamba alikusudia kulemaza au kutia madhara makubwa. Ndivyo ilivyo? Kama sivyo, na aseme sivyo, na upande wa mashtaka uthibitishe. Na kama ndivyo, akiri baada ya kuzungumza na wakili na kufahamu anachokikiri, kwa kuwa kukiri kwa kweli nako kuna uzito wake mbele ya hakimu. Sikufundishi umfundishe uongo. Nasema tu kwamba asikiri asichokifahamu.

Kuhusu adhabu, lile neno "maisha" limekunyima usingizi, umeandika hivyo mwenyewe. Fahamu kwamba kifungo cha maisha hapa ndicho kikomo cha juu, si adhabu ya lazima. Kifungu cha 26 kinairuhusu korti kutoa muda mfupi zaidi. Hakimu atatazama umri wake, kama ni kosa lake la kwanza, uchokozi, majuto yake, fidia iliyolipwa, na pia hali ya aliyeumizwa, ambaye kwa Sheria ya Ulinzi wa Waathiriwa ya 2014 ana haki ya kusikilizwa. Siku alizokaa rumande sharti zizingatiwe katika kuhesabu kifungo. Korti pia yaweza kuamuru fidia, na mbali na hiyo aliyeumizwa ana haki ya kufungua kesi ya madai ndani ya miaka 3.

Hapo ningependa usimame kidogo. Gharama za hospitali mlizolipa ni za jeraha. Hazikulipa kazi. Seremala asiyeweza kukunja vidole viwili ana miaka mingi mbele yake ya kutafuta riziki kwa mkono ule, na katika barua yako ya kurasa mbili mamake hakutajwa hata mara moja. Sikulaumu, mwenye mtoto rumande haoni mbali. Lakini wazee wenu watakapokaa tena, wazungumze habari ya kazi ya kijana yule: je, atajifunza ufundi mwingine, na nani atasaidia? Mapatano yenye jambo hilo ndani yake yatakuwa na maana zaidi kortini, na zaidi ya kortini.

La kufanya wiki hii ni haya. Pata nakala ya hati ya mashtaka usome nambari ya kifungu. Andika majina ya walioona. Weka risiti zote za matibabu mlizolipa. Kama huna uwezo wa wakili, nenda kwa Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoanzishwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016, au muulize msajili wa korti akuelekeze kwa mawakili wanaojitolea. Mwanao naye anayo haki ya kuiambia korti kwamba anahitaji muda wa kupata wakili kabla ya kujibu.

Nanyi vijana mnaosomewa ukurasa huu na mama zenu, najua mnausikia kwa masikio nusu. Sitawapa hotuba ya hasira na hasara. Nawaombeni jambo moja tu. Ukiinuka kutoka barazani umeaibishwa, ukafika nyumbani, basi baki nyumbani. Funga mlango, omba maji ya kunywa, mwambie mama yako kilichotokea. Mwana wa dada yetu alipofika kwao usiku ule, mama alikuwa macho. Ameniandikia kwamba alimwona akipita uani, akamuuliza, "Vipi, mwanangu?" naye akajibu, "Si kitu, mama."

Wiki ijayo, insha'Allah, tutarudi kwenye mashamba ya wakfu. Wabillahi tawfiq.